Shengena ya Chuma

Desturi ya kusimama kando ya reli na kuandika nambari za injini ilienea sana Uingereza baada ya mwaka 1942, Ian Allan alipochapa kijitabu chake cha kwanza cha orodha ya injini. Baadhi ya waliolelewa katika desturi hiyo walizifuata Afrika Mashariki na kamera zao, kuuwahi moshi uliokuwa ukitoweka kwao. Mapenzi hayo si dhambi. Kosa ni dai kwamba albamu zao ndizo kumbukumbu ya reli hizi.

Chukuliwe mfano mmoja. Katika miaka ya 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ililetea Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59, kila moja ikipewa jina la mlima. Nambari 5930 iliitwa Mount Shengena, kwa jina la kilele kirefu kuliko vyote Upareni. Nayo ingali imesimama katika makumbusho ya reli Nairobi. Mpenda treni hodari huutaja uzito wake, tani 252 hivi, bila kufungua daftari. Lakini aulizwe Shengena yenyewe ni mlima wa nani! Injini zile kubwa zilivuta kati ya Mombasa na Nairobi. Reli ya Tanga ilikuwa nyepesi mno kwao. Hivyo mlima uliazimwa jina lake, na moshi wa chombo kilichoitwa kwa jina hilo haukupita chini yake.

Chini ya Upare ilipita reli nyingine, iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Mtu wa Suji aliyetaka kusafiri kwa gari la moshi alishuka mlima kwa miguu hadi uwandani Makanya, mzigo kichwani. Kwake yeye gari lile lilikuwa barua, kodi, bei ya kahawa, na ndugu aliyekwenda mashamba ya mkonge asirejee. Albamu ina nafasi ya mambo hayo? Chini ya picha huandikwa daraja la injini, stesheni na tarehe. Dereva aliyeegemea dirishani ni dereva tu. Mtia moto hatajwi. Mlima ulio nyuma huitwa mandhari.

Watajibu kwamba bila wao picha hizo zisingekuwapo. Ni kweli, na shukrani wanastahili. Lakini aliyehifadhi sura ya mtu bila kuuliza jina lake amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Lawama iliyobaki ni ya wasomi wa nyumbani, wanaocheka mapenzi ya treni kama mchezo wa wageni. Isaria Kimambo aliijenga historia ya Wapare, iliyotoka mwaka 1969, juu ya masimulizi ya wazee, njia inajulikana. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1960 sasa amepita 80. Treni ya abiria ilirejea Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, ikapigwa picha nyingi za simu. Zile za kale zipelekwe Suji, ziwekwe mikononi mwa wazee wangali wanaona, na mwanafunzi akae na kalamu yake aulize: huyu aliyesimama kando ya injini, mwana wa nani?