Mukuba wenye kuimba

Wakati wa prime, batu banacheka baba mwenye kuagiza gitare ya besi ya kipimo chake. Banasema: ni kutupa feza. Mimi nakatala.

Tuangalie kile kitu. Chini ya nyuzi kuko mikro: sumaku, na waya mwembamba sana wa mukuba wenye kuizunguka mara elfu na elfu. Sumaku nyingi za mikro ni za alnico, na ndani yake muko kobalti. Basi, mukuba na kobalti munazochimba Kolwezi zinaweza kuwarudilia siku moja, zikiimba! Ila zinarudia na bei ya ng'ambo, ile munaijua.

Mikro tuinunue, sawa. Lakini mwili na shingo tumupatie seremala wa hapa, akupime mukono na bega. Muti wa mulombwa tuko nao. Shida ni haraka. Muti haujakauka, shingo itapinda, na ya besi ni ndefu: uzi unanyooka karibu sentimita 86. Akikuambia «baba, ngoja», ungoje. Umulipe nusu mbele, nusu siku ya kuipiga. Na mama wa nyumba ajue bei mbele kazi ianze. Minerval ya batoto haiguswi.

Siku ya kwanza, ukitoka ku mine, kaa, gusa ule uzi munene wa mi. Kifua kinasikia mbele ya masikio. Jirani atagonga ukuta, umuite aingie.