Kuirejesha Kompyuta Katika Hali Yake ya Jana

Kompyuta imekuwa sanduku la amana katika nyumba zetu nyingi. Ndani yake mna picha za arusi, masomo ya watoto, hesabu za duka na barua za jamaa walio mbali. Kwa hivyo siku inapokataa kuwaka nyumba nzima huingiwa na khofu, ikachukuliwa mbio mbio kwa fundi; na fundi mwenye haraka hana ila neno moja: “Tuifute yote, tuanze upya.” Mwenyewe huitika, na jioni hurudishiwa kompyuta nzima, nyepesi, na tupu.

Twasema ya kwamba kufuta ni dawa ya mwisho. Kabla yake iko njia ambayo wengi wanayo ndani ya kompyuta zao wala hawaijui.

Kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows Me mwaka 2000, iliitia chombo kiitwacho System Restore, nacho kimo hata katika Windows za leo. Kazi yake ni kuweka alama, yaani kuhifadhi mambo ya ndani ya mfumo na mipangilio yake kama yalivyo siku ambayo kompyuta ni nzima. Ikiwa baadaye imetiwa programu mbovu, au programu ya kuendeshea printa isiyopatana na mashine, basi mtu huirudisha kompyuta kwenye alama ile, kama msafiri aliyepotea anavyorudi hadi njia panda aliyoijua. Programu zilizotiwa baada ya alama huondoka, na mwenye kuzihitaji itambidi azitie tena. Ama picha na barua zake haziguswi.

Na hapa ndipo wanapoteleza watu. Kutoguswa si kuhifadhiwa! Kijana aliyeifuta insha yake asitumai kuwa kurejesha mfumo kutamletea insha. Chombo hiki hulinda kuta za nyumba, hakilindi vyombo vilivyomo. Tena hata kuta zenyewe zina maadui: kirusi cha WannaCry, kilichoenea duniani mwezi wa Mei 2017 na kuvuruga kazi za hospitali nyingi Uingereza, kilikuwa kikifunga mafaili ya watu na kudai fedha, na pamoja na hayo kikizifuta nakala za ndani ili mwenye mali asipate pa kurudia. Kwa hivyo karatasi za nyumba zataka nakala yao katika diski ya nje, nayo ichomolewe kila baada ya kunakili.

Sasa, mtu afanyeje? Kwanza atazame kama ulinzi huu umewashwa, kwani katika kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 huwa umezimwa mpaka mwenyewe auwashe. Abonyeze kitufe cha Windows, aandike “restore point”, achague diski ya C, awashe, kisha aweke alama na kuipa jina. Na afanye hivyo kila anapotaka kutia kitu kipya. Alama hazidumu: katika Windows 11 toleo la 24H2, tangu sahihisho la Juni 2025, hukaa siku 60 kwa wingi. Aliyeiweka mwisho wa Ramadhani asitaraji kuikuta siku ya Idi ya kuchinja.

Ikiwa kompyuta haifiki hata kwenye uso wake wa kawaida, asikate tamaa. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, aghalabu Windows hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo imo njia ya kurudi kwenye alama. Lakini diski iliyofungwa kwa BitLocker huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja mbovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa kadiri ya Microsoft, na mafundi wengi walikwama wakizitafuta tarakimu hizo, mashine baada ya mashine. Twawanasihi akina baba na akina mama waziandike leo katika karatasi, waiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wala si ndani ya kompyuta ile ile!

Likibaki la fundi, basi aambiwe mapema mambo mawili: ajaribu alama kwanza, na asifute kitu mpaka awe ameitoa diski akanakili yaliyomo. Fundi mwema hachukizwi na maneno haya. Akichukizwa, mafundi ni wengi. Ila kama diski yenyewe inagonga-gonga kwa sauti, hilo si gonjwa la mfumo, na alama haitafaa kitu. Izimwe hapo hapo, isiwashwe tena mpaka ifike mikononi mwa ajuaye kuokoa yaliyomo.