HESHIMA HAIPANDISHWI KICHWA CHINI



Ada ya mabaharia yajulikana: meli ngeni iingiapo bandarini hubaki na bendera ya kwao tezini, na ya mwenyeji huipandisha mlingotini upande wa kulia. Nasi twaona nini? Bendera ya Muungano imepinduliwa, buluu juu na kijani chini. Nyengine tambara tupu, hata njano haitambulikani.

Watuambiao kuwa jambo hili ni dogo na wakumbuke: bendera ya Zanzibar ya 2005 imeibeba ya Muungano pembeni mwake juu. Aipinduaye moja amezipindua zote mbili.

Mgeni huenda hajui. Wenye dhamana ya bandari wanyamazao hawana udhuru. Twataka kila nahodha aambiwe, na bendera irekebishwe siku ile ile!