Samaki kwenye sinia: mgahawa ufuate ziwa, si ziwa lifuate mgahawa



Leo tuzungumzie biashara ambayo wengi wanaiwaza na wachache wanaifanya vizuri: mgahawa wa samaki kando ya maji. Ukitaja biashara hiyo, watu hufikiria Zanzibar, Bagamoyo au Kigamboni. Kweli Singida hatuna bahari. Lakini tuna Singidani na Kindai jirani kabisa na mji, na kule Iramba tuna Kitangiri. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Mwanza inapita kwetu, mabasi na malori hayakatiki. Wapo pia wageni wanaokuja kuangalia heroe ziwani. Wateja si tatizo. Tatizo ni samaki: watoke wapi, na wataendelea kuwepo mpaka lini?

Msimamo wangu nautoa mapema. Mgahawa wa kando ya ziwa upike kile ambacho ziwa limetoa siku hiyo, ukiuze kwa sinia la kula pamoja, na ukatae samaki mchanga hata akiletwa kwa bei ya kutupa. Mgahawa unaofanya kinyume unakula mtaji wake wenyewe.

Tujifunze kwanza kwa wenzetu wa pwani

Karibu na mji wa Zanzibar kuna kisiwa kidogo kinaitwa Chumbe. Mwaka 1994 miamba ya matumbawe upande wa magharibi wa kisiwa hicho ilitangazwa kuwa hifadhi, uvuvi ukapigwa marufuku. Baadaye ikajengwa nyumba ndogo ya wageni yenye mgahawa. Maji yake ni ya mvua inayokingwa kwenye mapaa, umeme wake ni wa jua. Baadhi ya walinzi wa hifadhi walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani.

Angalia jambo hili kwa jicho la biashara. Mgahawa umezungukwa na samaki, na hauvui hata mmoja kwenye ile hifadhi. Chakula hununuliwa kwingine. Samaki waliohifadhiwa huzaana, wanaozidi hutoka nje ya mpaka, na wavuvi wa jirani huwapata huko. Mgeni naye hulipa ili aone samaki wakiwa hai, kisha akae mezani ale waliovuliwa mahali panaporuhusiwa.

Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa wasivue pweza. Pweza hukua haraka sana, kwa hiyo siku ya kufungua wanakuta wazito kuliko wale ambao wangevuliwa mapema. Mapumziko mafupi tu, mzigo unaongezeka.

Waswahili wa pwani husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli, lakini upwa ukishakuwa mtupu, hata anayegaagaa kutwa atakula mkavu.

Ziwa letu si bahari

Bahari ni kubwa, ikichoka hapa mvuvi anasogea pale. Singidani ni ziwa lisilo na mto wa kulitoa maji. Mvua ikinyesha linapanda, kiangazi kikikaza linashuka na chumvi inazidi. Samaki wanaovumilia maji ya namna hii ni wachache. Mmoja wao ni aina ya perege ambaye duniani anapatikana Tanzania tu, kwenye maziwa ya magadi kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singidani. Akimalizika huku, hakuna nchi nyingine ya kwenda kuomba mbegu.

Kuna jambo la pili ambalo kila mnunuzi wa samaki anapaswa kulijua. Perege huyu hamwagi mayai na kuondoka. Jike huyaokota na kuyaatamia mdomoni, na vifaranga wakishaanguliwa huendelea kukimbilia mdomoni mwa mama kujificha. Ukimvua jike huyo kwenye maji mafupi wakati wa kuzaliana, umeondoa mama na kizazi kizima kwa mara moja. Ndiyo maana nyavu za macho madogo na makokoro yanayoburuzwa hadi ufukweni vina hasara kubwa kuliko uzito unaouona kwenye mizani.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ipo, na kanuni zake zinakataza zana haramu. Lakini afisa uvuvi hawezi kulala kwenye kila mwalo. Anayeamua kila siku ni mnunuzi. Mvuvi akijua samaki mchanga hana soko, hatahangaika kumfuata.

Kwa nini nasema sinia

Migahawa mingi huuza samaki mmoja kwa mteja mmoja. Mteja anataka samaki aenee kwenye sahani, kichwa huku na mkia kule. Kwa hiyo mwenye mgahawa anachagua wa saizi moja tu, wengine anawakataa au anawanunua kwa bei ya kumuumiza mvuvi. Siku wakikosekana wa saizi hiyo, anaagiza wa barafu kutoka mbali. Ukishaagiza mbali, wewe na mgahawa wa stendi hamna tofauti, na usafiri unalipa wewe.

Kula sinia moja si ugeni kwetu. Pwani hufanya hivyo kwenye shughuli zao, na hapa Singida ugali umekuwa ukiwekwa katikati tangu zamani, kila mtu anamega. Biashara ya sinia inakuruhusu kununua mzigo mchanganyiko wa mvuvi kwa kilo: perege wa wastani wawili watatu, kipande cha kambale, na kadhalika.

Tupige hesabu. Hizi ni namba za mfano tu, wewe weka bei za kwenu. Umenunua kilo 5 za samaki kwa shilingi 8,000 kila kilo, jumla 40,000. Unga, mafuta, mboga, viungo na nishati 25,000. Gharama imefika 65,000. Unatoa masinia 5, kila moja kwa watu 4, kwa shilingi 20,000. Mauzo ni 100,000 na inabaki 35,000 kabla ya kulipa vibarua na ushuru. Kila mlaji ametoa 5,000. Mvuvi ameuza mzigo wote kwa bei moja, na hakuna samaki aliyetupwa kwa sababu haenei kwenye sahani.

Sinia lisiwe pazia

Hapa niwe mkali kidogo. Samaki akishakatwa vipande na kuwekewa mchuzi, mteja hawezi kujua alikuwa na ukubwa gani. Mfanyabiashara asiye mwaminifu anaweza kuficha vifaranga humo humo. Kwa hiyo anayechagua njia ya sinia lazima awe na kipimo. Nenda kwa afisa uvuvi au uongozi wa BMU wa mwalo wenu, ulizia urefu unaoruhusiwa kwa kila aina ya samaki, kisha tia alama kwenye kijiti na ukitundike mahali unaponunulia. Ukileta sangara wa Ziwa Victoria, kumbuka asipungue sentimita 50. Asiyefika alama asinunuliwe, hata akiletwa na shemeji.

Tofautisha pia samaki mdogo na samaki mchanga. Dagaa ni mdogo kwa maumbile yake, amekua na amezaa. Perege wa urefu wa kidole ni mtoto.

Mkulima anaingiaje?

Kwenye sinia samaki ni kitu kimoja kati ya vitu vitano au sita. Vingine vyote vinatoka shambani kwako. Ugali wa mtama au uwele. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wetu unasifika nayo. Vitunguu vya kachumbari. Mlenda. Asali kwa ajili ya kinywaji. Na siku ziwa halina kitu, kuku wa kienyeji anakaa katikati ya sinia badala ya samaki, na Singida hatuhitaji kufundishwa na mtu kuhusu kuku.

Kwa hiyo mgahawa mmoja unaweza kuwa soko la uhakika kwa kaya kadhaa, mradi makubaliano yafanyike mapema: nani analeta mboga Jumatatu, nani analeta kuku, kwa bei gani, kwa uzito gani. Mabaki nayo yasitupwe ziwani. Utumbo wa samaki ukichemshwa vizuri unakuwa chakula cha kuku, maganda na majani yanakwenda kwenye shimo la mboji.

Wanaopinga wanasema nini

Wapo wanaosema mteja wa siku hizi anataka menyu ya kudumu, asipokuta alichozoea anaondoka. Wengine wataondoka, sikatai. Lakini mteja anayesafiri anaweza kupata chipsi na kuku wa kisasa kila kituo kuanzia Morogoro. Hawezi kupata perege wa Singidani na mlenda popote pengine. Andika ubaoni kila asubuhi: "Leo tuna hiki na hiki." Kikiisha, futa. Watu huja mapema wakijua chakula kinaisha.

Wapo pia wanaosema kufunga ziwa au kukataa samaki wachanga ni kuwanyima maskini kitoweo. Hoja hii ina uzito, kwa sababu mvuvi ana watoto wanaokula leo. Ndiyo maana kufunga kupangwe pamoja na wavuvi, kuwe kwa muda unaojulikana, na kuwe na shughuli mbadala. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ikiwa ziwa kubwa vile linahitaji kupumzika, haya yetu madogo yanahitaji zaidi. Mgahawa unaojua kupika kuku, dengu na uyoga hautalala njaa wakati wa mapumziko, na unaweza kuwapa kazi wake wa wavuvi katika miezi hiyo.

Ukitaka kuanza

1. Anzeni kikundi. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulizie mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.
2. Ulizeni leseni mapema: ya biashara, na ya mazao ya uvuvi. Wapishi na wahudumu wapimwe afya.
3. Msijenge ukingoni kabisa. Maji hupanda, na choo kikiwa karibu kitachafua ziwa hilo hilo mnalolitegemea.
4. Nunueni barafu au jokofu kabla ya viti vya kifahari. Samaki wa asubuhi bila ubaridi ni hasara ya jioni.
5. Anzeni na masinia matano kwa siku. Yakiisha wiki nne mfululizo, ongezeni mawili.
6. Wekeni daftari: kilo zilizonunuliwa, za nani, urefu, kilichobaki. Baada ya mwaka mtaona wenyewe kama samaki wanapungua ukubwa. Wakipungua, msingoje tangazo la serikali. Itisheni kikao na wavuvi.

Ndugu msomaji, ziwa halina mdomo wa kulalamika. Dalili yake ni samaki kuwa wafupi mwaka hadi mwaka, na wa kwanza kuiona ni wewe unayenunua kila asubuhi. Ukiwa na swali, mwone afisa uvuvi au afisa ugani wa kata yako kabla hujatoa fedha.