Mafua Huenea Kabla Hatujalala Kitandani

Wengi wetu hapa Miburani humwogopa mgonjwa akiwa amelala hoi. Sisi wauguzi tunasema: hapo tumekwisha chelewa.

Mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza siku 1 hivi kabla ya kuona dalili, na huambukiza zaidi siku 3 za mwanzo wa ugonjwa. UVIKO-19, uliotangazwa kuingia nchini mwetu Machi 2020, huambukiza hata siku 2 kabla ya dalili. Surua huanza siku 4 kabla ya vipele.

Lakini siku hiyo ya kwanza ndiyo tunayosema, "Ni mafua tu," kisha tunapanda boti ya Nyamisati, tunaketi harusini, tunambeba mjukuu mchanga.

Tubadilike. Homa au mafua yakianza, tubaki nyumbani, tufungue madirisha, tukohoe kwenye kiwiko, tusiwakaribie wachanga na wazee. Kikohozi kikifika wiki 2, twende tukapimwe kifua kikuu.

Kukosa Misa Jumapili moja ili kumlinda jirani si uvivu. Ni upendo.