Uimara Una Bei: Somo la Injini ya Dizeli ya Gari la Fahari

Katika karakana za magari kuna kauli inayorudiwa kama methali, kwamba injini za dizeli za zamani hazifi. Miongoni mwa injini zinazotajwa kuithibitisha kauli hiyo ni ile ya silinda tano na lita tatu ambayo kampuni ya Daimler-Benz ya Ujerumani Magharibi ilianza kuifunga katika magari yake ya Mercedes-Benz mwaka 1974, na ambayo jina lake la kiwandani ni OM 617. Sifa hiyo inaistahili. Hata hivyo, sababu zinazotolewa aghalabu si za kisayansi. Wengine husema kwamba chuma cha zamani ndicho kilichokuwa chuma kweli. Wengine kwamba mafundi wa siku hizo walikuwa waaminifu kuliko wa leo. Mwanafunzi wa fizikia anayeridhika na majibu ya namna hiyo amenyimwa somo zuri, kwa kuwa uimara wa injini si siri wala si baraka ya ukoo. Ni kitu kinachonunuliwa, na kinachonunuliwa kina bei. Swali la maana ni hili: bei hiyo ilikuwa nini, na ni nani aliyeilipa?

Yafaa kuanzia kwenye msingi. Mtu anayejaza upepo katika tairi la baiskeli huona kwamba pampu inapata joto. Msuguano unachangia, lakini sababu kubwa ni kugandamizwa kwa hewa. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliijenga injini yake juu ya jambo hilo. Katika injini ya petroli mchanganyiko wa hewa na mafuta huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika injini ya dizeli hewa peke yake hugandamizwa mpaka ikapata joto la kutosha kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa ndani yake. Injini ya Diesel ilipopimwa huko Augsburg mwaka 1897, iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiasi ambacho injini za mvuke za wakati huo hazikukifikia.

Katika OM 617 hewa hugandamizwa mpaka ujazo wake ukabaki sehemu moja tu ya 21. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuyahesabu matokeo yake. Hewa ikiingia ikiwa na halijoto ya 300 K, yaani sentigredi 27, kisha ikagandamizwa bila kupoteza joto, halijoto yake huzidishwa kwa 21 iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.4. Jawabu ni takriban 1014 K, au sentigredi 741. Katika injini halisi sehemu ya joto hilo hupotelea katika kuta za silinda, hivyo halijoto haifiki hapo. Hata hivyo, hubaki juu sana ya zile sentigredi 250 hivi ambazo zinatosha kuyafanya mafuta ya dizeli yawake yenyewe.

Kutokana na kanuni hiyo moja yanafuata mambo mawili. Kwanza, injini haihitaji koili, distribyuta wala plagi za cheche, vitu ambavyo katika magari ya petroli ya miaka ile viliwakwamisha madereva wengi njiani. Pili, kanieneo ndani ya silinda ni kubwa, hivyo viungo vyake havina budi kuwa vinene na vizito. Injini ya dizeli huwa imara kwanza kwa sababu isipokuwa imara haiwezi kufanya kazi kabisa.

Wahandisi wa Daimler-Benz waliongeza tahadhari juu ya tahadhari. Walichukua injini yao ya silinda nne iliyokwisha kuzoeleka, ya lita 2.4, wakaiongezea silinda ya tano. Bloku na hedi yake vilikuwa vya chuma cha kusubu. Kamshafti iliendeshwa kwa mnyororo, si kwa mkanda wa mpira. Mafuta hayakunyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni, bali katika chumba kidogo cha awali kilichomo ndani ya hedi. Humo mwako huanza, kisha miali hutoka kwa nguvu kupitia matundu madogo na kuimaliza kazi juu ya pistoni. Mwako wa namna hii ni mpole zaidi: hupunguza kishindo na mzigo wa ghafla juu ya pistoni na beringi, na huridhika na nozeli zinazofunguka kwa kanieneo iliyozidi kidogo tu mara 100 ya ile ya angahewa. Pampu ya mafuta, iliyotengenezwa na Bosch, ilikuwa na kipistoni kimoja kwa kila silinda, na ililainishwa kwa oili ya injini yenyewe. Kompyuta haikuwapo. Hata kuzima injini kulifanywa kwa nguvu ya vakyumu; ndiyo maana kibomba cha vakyumu kikivuja, dereva huweza kuchomoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma.

Lakini tahadhari iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 3005 ilitoa nguvu farasi 80 tu, yaani pungufu ya 27 kwa kila lita. Je, huo ndio uliokuwa mwisho wa uwezo wake? La hasha. Mwaka 1976 injini ya asili hiyo hiyo, ikiwa imetengenezwa mahsusi kwa majaribio na kuongezewa tabochaja, ilifungwa katika gari la C111 na kupelekwa katika njia ya majaribio ya Nardò, kusini mwa Italia. Ilitoa nguvu farasi 190, gari likaenda kwa wastani wa kilomita 252 kwa saa na kuweka rekodi 16. Mwaka 1978 nguvu zilifikishwa 230, na wastani ukapita kilomita 300 kwa saa. Hapa ndipo ilipo siri inayotafutwa katika ubora wa chuma na tabia za mafundi. Mnunuzi wa gari la kawaida aliuziwa injini iliyofanya kazi mbali kabisa na kikomo chake, mfano wa daraja linaloweza kubeba tani nyingi huku bango lake likiruhusu chache. Kwa sehemu kubwa, uimara wa injini ile ni nguvu ambayo wahandisi waliamua kutoidai.

Bei ya kwanza ililipwa na mwenye gari. Gari la mwaka 1974 lilihitaji takriban sekunde 20 kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa, jambo lisilotarajiwa katika gari la thamani ile. Mwaka 1978 injini hiyo iliingia katika gari la daraja la juu kabisa la kampuni, la aina ya 300 SD, lililouzwa Marekani na Kanada. Sababu kubwa ilikuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iliyowataka watengenezaji wapunguze wastani wa matumizi ya mafuta ya magari yao kuanzia yale ya mwaka 1978. Hapo tabochaja iliongezwa, nguvu zikapita farasi 110, na pistoni zikapozwa kwa oili iliyorushwa kutoka chini yake. Tahadhari haikuachwa: kila nguvu iliyodaiwa ilitanguliwa na njia ya kuubeba mzigo wake.

Mwenye gari alilipa pia kwa matunzo. Nafasi za vali zilihitaji kupimwa na kurekebishwa kila baada ya muda, oili na chujio kubadilishwa kwa wakati wake, na maji kuzuiwa yasiingie katika mafuta. Mfano mashuhuri ni wa Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, ambaye gari lake la 240 D la mwaka 1976, lenye injini ya silinda nne ya jamii hiyo, lilipita kilomita milioni 4.6 kabla ya kukabidhiwa kwa makumbusho ya kampuni mwaka 2004. Habari hii husimuliwa kana kwamba ni injini moja iliyokimbia umbali wote huo. Sivyo. Injini zilikuwa zaidi ya moja, zikishushwa, kutengenezwa na kupandishwa tena kwa zamu. Kilichodumu hasa ni gari pamoja na nidhamu ya mwenyewe, na kweli hiyo haipunguzi sifa, inaieleza.

Bei ya pili ililipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Injini ile haikuwa na chujio la masizi, na wingu jeusi nyuma ya gari linalopanda mlima lilihesabiwa kuwa jambo la kawaida. Mwezi Juni mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo, wakati mwenye gari alipokuwa akihesabu kilomita, mtembea kwa miguu, mwuza matunda wa kando ya barabara na mtoto aendaye shule walikuwa wakilipa sehemu ya gharama kwa mapafu yao.

Injini za dizeli za magari ya fahari ya leo zimejengwa kwa hesabu tofauti. Ile ya OM 656, iliyotolewa na kampuni hiyo hiyo mwaka 2017, ina sentimita za ujazo 2925, yaani ndogo kidogo kuliko ile ya mwaka 1974, lakini hutoa hadi nguvu farasi 340. Mafuta yake hunyunyizwa kwa kanieneo inayofikia mara 2500 hivi ya ile ya angahewa, na moshi hupitia chujio la masizi na vifaa vya kupunguza oksidi za naitrojeni. Mashine ya namna hii haina subira na uchafu. Hudai mafuta safi yenye salfa kidogo, nayo yana historia yake: Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha sehemu 10 katika milioni mwaka 2009, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha sehemu 50 katika milioni mwaka 2015.

Ni katika hatua hii ambapo sifa ya injini za zamani, isipoeleweka, hugeuka hatari. Chujio la masizi linapoziba, yako mazoea katika nchi nyingi ya kuling'oa na kuacha bomba tupu, kwa hoja kwamba gari sasa litakuwa imara kama la zamani. Hoja hiyo ni potofu. Uimara wa OM 617 haukutokana na kukosa chujio. Ulitokana na nguvu ndogo, viungo vizito, mwako wa upole na matunzo. Anayeling'oa chujio haongezi hata kimojawapo cha vitu hivyo. Anachofanya ni kuihamisha bei kutoka mfukoni mwake na kuipeleka kifuani mwa jirani. Uingereza ilitambua hilo, na tangu mwaka 2014 gari lililoondolewa chujio lake halifaulu ukaguzi wa kila mwaka.

Mwalimu wa sekondari anayo hapa nafasi adimu. Pampu ya baiskeli, hesabu ya halijoto na chujio chakavu lililoombwa kwa fundi wa jirani vinatosha kwa vipindi viwili vya fizikia na kimoja cha kemia. Wanafunzi watakaotoka katika vipindi hivyo huenda siku moja wakanunua gari, wakalitengeneza, au wakatunga kanuni za kulikagua. Yafaa wajue mapema kwamba uimara haupimwi kwa mita ya kilomita peke yake. Injini inayonguruma miaka arobaini huku ikimfukizia mpita njia masizi imedumu. Lakini aliyesimama kando ya barabara bado anaidai.