Saa Moja ya Jioni Yako
Wiki hii nakuomba saa moja tu ya jioni yako. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na bado makala nyingi ndani yake ni zile ziitwazo mbegu: sentensi mbili, tatu, basi. Fungua ya mji wako, bonyeza "Hariri", na siku ya kwanza usijitwishe historia nzima ya mji. Sahihisha tahajia, weka mwaka uliokosekana, taja kitabu au gazeti ulimoutoa. Hapo penye chanzo ndipo wageni wengi hukwama. Bibi yako huenda anajua kuliko maktaba yoyote soko lilianza lini, nami namwamini, lakini kamusi elezo hudai maandishi yaliyochapishwa ambayo msomaji mwingine anaweza kuyakagua. Ukikosea usiogope, kwani kila toleo la zamani huhifadhiwa kwenye historia ya ukurasa. Mwenzako akifuta ulichoandika, muulize sababu kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa adabu. Natamani sana kusoma habari za mito yetu, masoko yetu na waimbaji wetu wa taarabu kwa lugha ileile waliyoimbia.